Siku Saba za Kumtafuta Namba Tisa

Siku ya kwanza, Jumamosi

Basi limeondoka alfajiri. Nimebeba skana bapa iliyoviringishwa kwenye taulo, redio ya kaseti ya kuazima, penseli laini nusu dazeni na bunda la bahasha za karatasi isiyo na asidi. Abiria wa pembeni kaniuliza kama mimi ni fundi picha. Nikamjibu naenda kumtafuta mtu aliyekufa zamani. Akageukia dirishani, na hatukuongea tena mpaka nateremka.

Namba tisa ni lugha ya watafiti wa nasaba. Wewe mwenyewe ni namba 1, baba yako 2, mama yako 3. Ukimtaka baba wa mtu yeyote, zidisha namba yake mara mbili. Ukimtaka mama yake, ongeza moja juu ya hapo. Babu mzaa baba ni 4, kwa hiyo baba yake ni 8 na mama yake ni 9. Michaël Eytzinger aliutumia mtindo huu mwaka 1590, Jerónimo de Sosa akaurudia 1676, na Stephan Kekulé von Stradonitz akaueneza mwaka 1898. Naupenda kwa sababu hauna huruma, pengo likiwepo linaonekana. Ukirudi vizazi kumi unadaiwa watu 1,024. Mimi nimekwama kwa wa tisa.

Si kwamba nafasi ya namba 9 ilikuwa tupu. Ilikuwa na jina, na ilikuwa na picha: mwanamke mrefu amesimama kando ya baba yake babu, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa babu, neno moja tu, “Mama”. Kilichonitoa nyumbani ni binamu yangu, aliyesikia msibani miaka ya nyuma mzee mmoja akimtaja mama wa babu kwa jina jingine kabisa. Mzee mwenyewe naye ameshafariki. Mtandaoni nilishapekua. FamilySearch, shirika la kumbukumbu za nasaba, ambao watu wao walianza kupiga nyaraka filamu mwaka 1938 na mizingo yao imehifadhiwa ndani ya mlima wa mawe huko Utah, wana mengi mno, ila daftari za parokia ninayoitaka hazimo.

Siku ya pili, Jumapili

Shangazi ana miaka 84 na ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki. Kila mwongozo wa kazi hii unaanza na jambo hilohilo, kwamba uende kwa walio hai kwanza, kwa kuwa daftari litakusubiri. Mimi nilichukua miaka sita kuja.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na mizigo ya kuhama?”

Nimeweka simu mezani, nimeizima mtandao ili isipigwe katikati ya maneno, nikataja tarehe na majina yetu mwanzoni mwa rekodi. Halafu sikumuuliza mwaka hata mmoja. Nilimpa karatasi, nikamwomba achore nyumba aliyokulia. Hilo nililijifunza kwa kukosea huko nyuma: mzee ukimuuliza “ulizaliwa lini, baba yako alizaliwa lini”, unamgeuza mtuhumiwa, naye anakujibu kwa kifupi ili mmalize. Ukimwomba nyumba, anaingia mlangoni.

Shangazi aliingia. Kachora vyumba, kisima, mti, halafu akaanza kuwalaza watu. Huyu hapa, hawa wawili kitanda kimoja, yule mlangoni kwa sababu alikuwa anakoroma. Kufika mwisho nilikuwa na watoto tisa. Kwenye mti wa ukoo nilionao wako saba. Wawili walifariki wadogo, hawakupata cheti wala picha, na hakuna aliyewahi kuwataja kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa nani alilala wapi.

Baada ya saa moja na nusu nikatoa ile picha. Nilishachoka, na raha ya watoto tisa ilikuwa imenilevya. Nikauliza:

“Huyu ni mama yake babu, sivyo?”

Akaishika kwa muda. Akasema ndiye, huyo ndiye mama tuliyemkuta. Akaanza kunieleza vidole vyake, jinsi alivyokuwa akipima uzi kwa kuuvuta kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkono ulionyooshwa. Nikaweka alama ya vema kwenye daftari langu.

Baadaye kidogo akanyooshea simu kidole. “Zima hiyo.” Nikazima. Aliyoyasema dakika kumi zilizofuata yanahusu watu walio hai, na hayaendi popote, hata humu.

Siku ya tatu, Jumatatu

Siku nzima sakafuni na sanduku la babu.

Albamu ni ya aina ile mbaya, kurasa zenye mistari ya gundi na plastiki juu. Kwa miaka arobaini gundi imekuwa ikila picha kwa nyuma. Usizivute kwa kucha. Nimepitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kila picha, polepole, kushoto kulia kama msumeno. Kati ya picha thelathini na moja, mbili zimegoma. Hizo nimezipiga skana pamoja na ukurasa wake nikaziacha zilivyo.

Kila picha naipiga nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, mbele na nyuma. Watu husahau nyuma, na nyuma ndiko kwenye mhuri wa studio, tarehe, na “Mama”. Nikiandika kitu nyuma natumia penseli laini, pembeni, juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino inakandamiza hadi alama inaonekana usoni mwa mtu, na wino wake unapenya kidogo kidogo mpaka unatokea upande wa pili. Mikono nimenawa nikakausha. Glovu za pamba za kwenye filamu sikuvaa, maana kwenye karatasi zinakunyima hisia ya vidole na unaishia kuchana.

Kilichoniuma ni cheti cha ubatizo cha babu. Ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, amekitia plastiki ya moto, ile lamineshen ya kwenye maduka ya fotokopi. Joto limeyeyusha gundi ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna kurudi nyuma. Mbaya zaidi, kabla ya kukipeleka alikata kingo zilizochakaa zikae sawa, na kwenye ukingo ndiko palipokuwa na jina la mama. Imebaki herufi moja na nusu. Kilichosalimika ni namba ya ukurasa wa daftari, nayo imetosha kunipa pa kwenda kesho.

Chini kabisa ya sanduku, hati ya kifo: 1989, umri miaka 78. Ina maana kazaliwa 1911. Lakini aliyetoa taarifa ni baba yangu, siku moja baada ya kumpoteza baba yake, na kwenye kuzaliwa kwa babu yeye hakuwepo. Hati ya kifo ni shahidi mzuri wa kifo. Habari za kuzaliwa inazibeba kwa kusikia. Kwenye daftari nimeandika “1911, kwa kauli ya baba” na si “1911”.

Kuna na kaseti moja, haina jina. Sijaigusa.

Siku ya nne, Jumanne

Parokiani. Nilituma barua wiki tatu kabla, nikataja namba ya ukurasa, na nadhani ndiyo sababu katibu hakunirudisha. Kutunza daftari hizi ni agizo la zamani: mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulilitoa mwaka 1563, kwa ndoa na ubatizo. Padri aliyeandika ukurasa ninaoutafuta alikuwa anatimiza sheria ya miaka mia tatu na zaidi iliyomtangulia, hakuwa akinifikiria mimi, na humo ndimo uaminifu wake ulipo.

Tulianza na faharasa mwishoni mwa daftari. Jina la ukoo wetu linaanza na R. Hatumo. Nikamwomba katibu tujaribu L, akacheka, akasema kila wiki anakuja mtu wa namna hiyo. Tulikuwemo. Padri mgeni aliandika alichosikia, na masikio yake yalisikia L. Hapa ndipo programu za kutafuta majina zinapotuangusha. Nyingi zimejengwa juu ya Soundex, mfumo ambao Robert Russell na Margaret Odell waliupatia hataza mwaka 1918 na 1922. Unaweka majina yanayofanana kwa sauti kwenye kapu moja, lakini ulitengenezwa kwa masikio ya Kiingereza: L inapewa 4, R inapewa 6, na herufi ya kwanza haibadilishwi kamwe. Kwa Soundex mimi na babu si ukoo mmoja.

Daftari lenyewe limewahi kunywa maji. Kona ya chini imekuwa rangi ya kutu na kurasa zinashikana. Picha hairuhusiwi, ruhusa ni kunakili kwa mkono, kwa penseli. Mistari ilikuwa ya Kilatini, mwandiko umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Nimenakili mstari wa babu herufi kwa herufi, hata nisizozielewa, na vifupisho nimeviacha vifupisho.

Kabatizwa 1919. Kazaliwa 1915, wala si 1911. Pembeni, kwa wino mwingine na mkono mwingine, ndoa yake ya 1938 na jina la parokia alikofungia. Amri ya Roma ya 1907 iliagiza hivyo, ndoa irudishwe kuandikwa kando ya ubatizo, kwa hiyo mstari wa mtoto mchanga unaweza kukupa arusi yake na mahali pa kwenda kutafuta baadaye. Soma pembeni kila mara.

Na hapo hapo, baada ya neno *matrina*, jina la mwanamke wa kwenye picha. Matrina. Mama. Nikashusha pumzi. Kulikuwa na jina jingine la kike mapema kwenye mstari, likifuatwa na “def.”, nikalichukulia shahidi au mtu wa nyumba ya jirani. Nimemwandikia binamu: yule mzee wa msibani alichanganya. Nimelala vizuri.

Siku ya tano, Jumatano

Asubuhi makaburini. Jiwe la mwanamke wa kwenye picha lipo, limeota kuvu, maandishi yamelika. Sikusugua. Brashi ya waya na chaki hukupa picha nzuri leo na kuua jiwe kesho. Niliwahi jua likiwa bado chini, nikaelekeza mwanga kwa kioo kutoka ubavuni mpaka vivuli vikaingia kwenye herufi: jina lilelile la matrina, 1957. Shangazi alikuwa na miaka kumi na sita. Basi ndiyo maana anaijua mikono yake.

Jioni nilimpigia padri mstaafu, rafiki wa familia, nimsomee mstari mzima kwa fahari tu. Alinyamaza kidogo.

“Rudia hapo kwa matrina.”

Nikarudia.

“Nani kakwambia matrina ni mama? Mama ni *mater*. Matrina ni mama wa ubatizo, aliyemsimamia. Mama yake ni huyo wa mbele. Na hiyo def. ni *defuncta*. Marehemu.”

Nilikuwa nimeketi kitandani na daftari magotini. Mstari uleule, wino uleule, sasa unasema kitu kingine: mtoto wa miaka minne anabatizwa, mama yake ameshakufa, na anayemshika ni mwanamke wa kwenye picha. Nilikuja na jibu, nikalitafutia neno linalofanana nalo. Kama ningenakili “nilichoelewa” badala ya nilichokiona, ile def. ingepotea na nisingekuwa na cha kumsomea.

Nimemwandikia binamu tena. Hakunicheka sana.

Siku ya sita, Alhamisi

Kaseti.

Kwanza nimejaribu redio kwa kaseti isiyo na thamani, maana mashine ya zamani hutafuna. Halafu nikafungua ya babu: kile kipande kidogo cha sufi kinachoegemeza utepe kilikuwa kimebanduka, nikahamishia cha kaseti nyingine. Nikauzungusha utepe mzima mbele na nyuma kwa penseli ili usiwe umegandana. Na nikatazama mgongoni. Kaseti ina vilimi viwili vya plastiki pale juu. Ukivivunja, hairekodiki tena. Vya hii vilikuwa vizima. Nikajua.

Upande wa kwanza ni mpira. Dakika thelathini za mtangazaji wa redio akipayuka juu ya mechi ambayo hakuna anayeikumbuka. Mtu wa nyumbani kwetu, na nina mshukiwa, alimrekodia mpira juu ya babu. Upande wa pili ni hivyohivyo, mpaka utepe wa mechi unapokatika ghafla, kunapita mkwaruzo, na sauti ya mzee inaingia katikati ya sentensi. Dakika kumi na moja. Mwaka anautaja mwenyewe, 1984.

Nimeihamishia kwenye kompyuta kama faili la sauti la WAV, bila kusafisha chochote. Kelele zitasafishwa kwenye nakala. Kisha nikasikiliza. Anaongea juu ya njia, juu ya mzigo, juu ya jino. Dakika ya saba anasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa: “Mama aliyenizaa simjui sura. Mama mdogo ndiye alinichukua, nikawa wake.”

Mama mdogo. Mdogo wake marehemu. Na kwetu mdogo wa mama anaitwa mama, hakuna anayesimama kufafanua. Babu aliandika “Mama” nyuma ya picha na hakudanganya hata herufi.

Nikarudi kwenye rekodi ya Jumapili. Kati ya swali langu na jibu la shangazi kuna sekunde sita za kimya ambazo siku ile sikuzisikia. Na jibu lenyewe: “Ndiye. Huyo ndiye mama *tuliyemkuta*.” Alinipa yote. Mimi nilishika “ndiye”, nikaweka vema.

Binamu anauliza kama kipimo cha vinasaba kingetuokoa safari. Hapana, na ni kisa kizuri. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo babu alivipata na kuishia navyo; sisi hatuna. Hata tungevipata kwake, dada wawili wa mama mmoja wanabeba vilevile. Maabara ingewaona mtu mmoja.

Siku ya saba, Ijumaa

Asubuhi nimerekebisha mti. Mfumo wa GEDCOM, ambao programu nyingi za ukoo hubadilishana nao data tangu miaka ya 1980, unaruhusu mtoto kuunganishwa na wazazi wa kuzaa na wa kulea kila mmoja kwa jina lake. Namba 9 amepata jina lake. Mama mdogo hana namba, mtindo wa Eytzinger haumjui, lakini yupo kando ya babu na neno “mlezi”, na chini yake nimeandika vyanzo vyote: daftari, kaseti dakika ya saba, rekodi ya Jumapili, jiwe. Chanzo cha kifo cha dada yake sina, zaidi ya “kabla ya 1919”. Ndivyo nilivyoandika.

Nakala tatu: moja kwenye diski ninayorudi nayo, moja mtandaoni, moja kwa mjukuu wa shangazi ambaye ameapa hatarekodi mpira juu yake. Vile vilimi vya kaseti nimevivunja. Mwaka 1922 hifadhi ya nyaraka ya Dublin iliungua pamoja na sehemu kubwa ya sensa za Ireland za 1821 hadi 1851, na mengi ya yaliyookoka ni yale ambayo mtu fulani, kwa sababu zake, alikuwa amekwenda kuyanakili.

Nilipita kuaga. Nikamwambia shangazi nilichokipata, nikitegemea ashangae.

“Mbona hukuniuliza?”

“Nilikuuliza, shangazi.”

“Uliuliza kama ni mama yake. Ni mama yake.”

Nikampa picha na penseli. Akailaza kifudifudi juu ya kitabu, akatazama “Mama” ya baba yake kwa muda, hakuifuta. Chini yake akaandika jina la mama mdogo, taratibu, kwa herufi za shule. Akanirudishia, halafu akaninyooshea mkono.

“Na yule mwingine yuko wapi?”

Nikamwambia hana picha. Hakuna iliyobaki, pengine hakupigwa kabisa.

“Nipe karatasi basi.”

Nikampa kipande cha ile karatasi isiyo na asidi. Akakikunja mpaka kikalingana na picha, akakata kwa ukucha, akaandika jina la marehemu katikati, akakitia kwenye bahasha ileile, kikatangulia mbele ya picha.